Ndoo ya Somoe

Mama yangu, Mama Somoe,

Shikamoo. Najua utaiitikia umenuna, lakini iitikie hivyo hivyo, maana hapa nilipo nimeinama kweli, kichwa kinakaribia kugonga meza, na jirani aliyenichungulia dirishani lazima amesema yule Mtanzania leo ameugua.

Goti linaendeleaje? Usinijibu kwamba halijambo huku unashuka kitandani kwa kushika ukuta. Na mikorosho je, imeanza kutoa maua? Nani anapuliza sulfa msimu huu? Kama ni rafiki yangu Chande, mwambie ajifunge kitambaa puani, mwaka juzi alikohoa mpaka tukadhani tutampoteza. Mwanahawa anakwenda shule? Ameota yale meno ya mbele? Mimi mwili mzima. Ninakula, ninakwenda kazini. Roho ndiyo haipo sawa, na wewe unajua kwa nini.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu zangu umezikataa. Ulimwambia Chande, "Sauti ya kwenye mashine siiamini tena, mtu anaigeuza anavyotaka." Haya, bwana. Mwandiko huu unaujua. Ile herufi "k" yangu yenye mguu mrefu uliyokuwa ukiicheka tangu niko darasa la pili, hii hapa. Isome mwenyewe, taratibu, kama ulivyofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima. Tafadhali usimpe Mjomba Bakari akusomee. Yeye atasoma aliyonayo kichwani mwake, si niliyoandika mimi.

Niliseme wazi lisije likazunguka. Watu wa huko nyumbani, kuanzia hapo Mkunya mpaka stendi ya Masasi, wanasema dada yangu Somoe hakufa. Wanasema mlichozika ni mgomba. Wanasema nilimchukua mimi, nimemficha huku Ufini, nimemfanya ndondocha, nimemkata ulimi, namlisha pumba, naye ananiimbia kutwa kucha ili mimi nipate mali. Na wewe Mama, uliyemuosha kwa mikono yako mwenyewe, umeanza kuwasikiliza.

Mali! Ungeiona hiyo mali ungecheka mpaka ukashika mbavu. Ninalala chumba kimoja na baiskeli. Sina ninachofuga humu zaidi ya soksi. Mtu mwenye ndondocha, Mama, hashoni mwenyewe kiwiko cha koti lake.

Lakini sicheki. Nikikaa peke yangu nalia kama mtoto, halafu hasira zinakuja, halafu nalia tena. Sasa ngoja nikueleze jambo lote tangu mwanzo, maana wewe umeletewa vipande vipande, na kila aliyeleta kipande alikiongezea chumvi.

Unajua kwamba kazi yangu ni karakana ya mbao. Tunatengeneza makabati ya jikoni. Useremala ule nilioupata pale Ndanda ndio ulionifikisha huku, na namshukuru Mungu kwa huo. Kwenye meza ya jirani yangu anafanya kazi bwana mmoja anaitwa Pekka, mkubwa, ana ndevu za kutosha watu wawili. Watu wa huku hawasemi, Mama. Mnaweza kukaa asubuhi nzima, akakuambia "theluji", basi, amemaliza. Huyo Pekka ni mpiga ngoma. Dada yake, Aino, anapiga gitaa, na ana mitambo ya kurekodi kwenye banda la babu yao walipokuwa wanaweka nyasi za ng'ombe. Waliposikia napiga gitaa wakaniita.

Muziki wao ni wa polepole, wa majonzi. Gitaa zinavuma muda mrefu kama upepo kwenye bati, sauti zinaondoka na kurudi, nyingine zimegeuzwa nyuma mbele, ukisikiliza sana unajiona kama mwenye homa, chumba kinazunguka nawe umekaa. Wewe mwenyewe nilipokusikilizisha mara ya kwanza uliniuliza, "We Issa, hawa watu wamefiwa?" Nikakuambia hapana, wanaimba nchi yao. Ndivyo walivyo, wanaangalia msitu na barafu, wanafanya wimbo. Siku moja Aino akaniuliza, "Kwenu kukoje?"

Nikaanza kumwambia, na nilipoanza sikujua kunyamaza. Nikamwambia juu ya ukungu wa kipupwe unaopanda kutoka bonde la Ruvuma ukameza mikorosho, unaamka huoni hata choo. Nikamwambia juu ya pale Newala ardhi inapokatika ghafla, umesimama unatazama nchi nyingine chini ya miguu yako. Nikamwambia unavyoteremka kwenda Masasi unayakuta yale majabali yamekaa kimya, na wewe ukinyamaza. Na nikamwambia kwamba tunaishi juu na maji yako chini, kwamba bomba likigoma mama zetu wanashuka genge lile na ndoo tupu na kupanda na ndoo zilizojaa. Hilo la maji halikuwaingia kabisa. Huku maji yamejaa kila pahali, ukikosea njia unajikuta ziwani.

Tukaanza wimbo wa kupanda na maji. Pekka akapiga ngoma yake, nikamsimamisha.

"Huo ni mwendo wa kushuka," nikamwambia. "Nataka wa kupanda."

Akapunguza.

"Bado. Hapo ndoo imeshamwagika."

Akaweka vijiti chini akanitazama. Basi nikachukua ndoo, nikaijaza, nikamtwisha kichwani, nikamwambia apande kilima kilicho nyuma ya banda. Mama, ningekuwa na namna ya kukuonyesha! Jitu lile lote, ndevu zimelowa, linatukana kwa lugha yao, maji yanaingia shingoni. Aino alicheka mpaka akakaa chini. Lakini Pekka ni mbishi. Akarudi kujaza tena, na tena, mpaka akafika juu na ndoo yake nzima. Akasimama pale anahema, akasema, "Kumbe mguu haukanyagi. Unaburuta." Akaenda moja kwa moja kwenye ngoma, akapiga mwendo wenu, ule ule, na nikasisimka mwili mzima. Tangu siku hiyo tukasema tutatengeneza santuri nzima ya nyumbani kwetu, tuiite Mteremko. Aino akaniagiza, nikienda likizo nimletee sauti za huko, upepo, kuku, watu, chochote.

Ndiyo likizo ile ya kipupwe cha mwaka juzi. Bomba lilikuwa limegoma, unakumbuka. Somoe alishuka na wenzake, mimi nikabaki ukingoni na ile simu yangu ndogo ya zamani, ile uliyoiita kiberiti, iliyofungwa mpira. Nikarekodi wanavyopanda. Huwa hamjisikii nyinyi wenyewe, lakini mkiwa mmejitwika mnatoa ile pumzi ya puani, mmoja anaanza na wenzake wanadakia, si wimbo na si maneno, ni namna ya kusaidiana kupanda tu. Somoe alikuwa mbele. Nikawafuata nyuma mpaka nyumbani, simu mkononi. Tulipofika uani akapaza sauti, "Nitue!"

Sasa Mama, mimi na wewe tuna haja ya kuelezana maana ya nitue? Kuna mtu wa uwanda wetu asiyelijua neno hilo? Mwanamke amefika na ndoo imejaa mpaka mdomoni, hawezi kuishusha peke yake, anamwita aliyemo ndani aje ashike upande wa pili. Nitue. Tumelisikia kila siku ya maisha yetu. Hata wanasiasa wakija kuomba kura wanatuahidi kuwatua akina mama ndoo kichwani. Hakuna kingine.

Masika yaliyofuata homa ikampeleka Somoe Ndanda, na wauguzi wakahangaika naye, na Mungu akachukua chake. Habari ilinikuta karakanani na msumeno mkononi. Mlishamzika. Pekka alinizimia mashine, akanipeleka kwao, na hakusema neno, na siku hiyo nilimshukuru kwa kutosema.

Hayo masauti niliyokuwa nimeyaleta yalikuwa kwa Aino, alishayanakili. Baada ya msiba akanisikilizisha kipande alichokikata. Pumzi zenu za kupanda, na mwisho ile nitue ya Somoe. Alikuwa ameivuta, ameipunguza mwendo, ameiwekea mwangwi kama mtu yuko ndani ya kisima. Niiituuueee. Kisha gitaa zinaingia. Mama, nililia, halafu nikakubali. Nikasema hapo ndipo dada yangu atakapokaa, ndani ya ule wimbo, na nikafurahi kwamba kuna mahali pa kukaa. Akili yangu haikunituma kufikiri mtu wa kwetu akiisikia sauti iliyovutwa namna hiyo atamsikia nani.

Nikamtumia Chande, kwa kujivuna tu. Chande naye na spika yake ya pikipiki, unamjua. Akaupiga Newala nzima. Vijana wakaupenda, wakarushiana kwenye simu, ukashuka mpaka Masasi.

Yaliyokupata pale stendi Masasi amenisimulia yeye, na alikuwa analia akinisimulia. Kwamba ulikuwa umeteremka kununua dagaa na dawa ya goti. Kwamba ulisikia kwa nyuma yako, kutoka kwenye pikipiki usiyoijua, mwanao anakuita. Kwamba mfuko ulikutoka mkononi, dagaa wakamwagika, watu wakawa wanawaruka. Ukamshika yule dereva wa bodaboda shati, ukamuuliza, "Baba, huyu anayeimba yuko wapi?"

Na yule bwana asiyejua hili wala lile akakujibu kwa heshima zote, "Yuko Ulaya, mama. Huo wimbo wa Issa wa Mkunya."

Yuko Ulaya! Jibu la mtu anayetaka kuwahi abiria wake. Ndilo lililotuvunja. Maana palepale mama mmoja muuza samaki akatega sikio, akasema kwa sauti kila mtu asikie, "Sauti ya mtu mzima hiyo? Msikie anavyoburuta. Huyo kakatwa ulimi. Na anaomba atuliwe, maskini." Wewe ukakaa chini katikati ya stendi. Mama yangu mimi, na heshima zako zote, umekaa kwenye vumbi la stendi ya Masasi. Nikifikiria hapo natamani niipasue hiyo mitambo yote ya Aino kwa shoka.

Kisha Mjomba Bakari akanipigia. Kaka yako, mkubwa wetu, ndiye wa kusema na mimi, sikatai. Nikasema, "Shikamoo Mjomba." Hakuitikia.

"Muachie mpwa wangu," akasema.

"Nimuachie nani, Mjomba?"

"Usinifanye mtoto. Tumemsikia kwa masikio yetu. Amechoka. Anaomba ashushwe mzigo."

"Mjomba, ni ndoo! Ni ndoo ya maji, alikuwa anatoka kuteka!"

"Kila mwenye ndondocha ana maneno yake."

Nikamkatia simu. Ndiyo, nilimkatia Mjomba, na nitamwomba radhi kwa mdomo wangu nikija, lakini siku hiyo nilikuwa na hasira ya kutafuna mbao. Mimi? Kwa Somoe? Somoe aliyenibeba mgongoni mpaka miguu yangu ikawa inaburuza chini? Aliyeuza kanga zake nipate nauli ya kwenda Ndanda kujifunza ufundi? Mtu akiniambia nimeiba, nitamvumilia. Hili siliwezi.

Na bado hilo lilikuwa dogo. Wiki iliyopita ilikuja simu kwa namba ya Chande, nikasikia kasauti kadogo. Mwanahawa. Alikuwa anasema kwa kunong'ona.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba mjomba wangu, hujambo?"

"Sijambo. Mjomba, bibi kasema mama yuko huko kwako, anakula pumba. Mjomba, mpe wali. Japo siku moja."

Nilishika simu nikawa nasikia anavyopumua ananingoja. Mtoto wa watu ananiomba wali kwa ajili ya mama yake aliyeko kaburini, halafu ananiambia "asante Mjomba" kabla sijasema lolote, kwa kuwa amefundishwa adabu. Chande ameniambia pia kwamba kila jioni unampakulia Somoe sahani yake, unaifunika kawa, na asubuhi unawapa kuku. Kwamba umezuia khitma yake isisomwe, ukasema haisomwi kwa mtu aliye hai.

Basi nisikilize, na usikasirike, au kasirika lakini endelea kusoma.

Mgomba hauna kovu la moto kwenye kiwiko. Somoe alikuwa nalo, la uji ule uliomwagika akiwa mdogo. Ulimuosha wewe na shangazi. Uliunyoosha mkono wake, ukamwagia maji, ukaliona lile kovu, na uliniambia mwenyewe kwenye simu siku ile kwamba ulipolifikia ulishindwa ukamwachia shangazi amalizie. Nani alikuonyesha mgomba wenye kovu? Nani alimtengenezea mgomba zile nywele alizokuwa amesuka siku chache kabla? Wewe unajua, Mama. Mikono yako inajua. Ila umesikia sauti yake ikikuita, na ukaona heri awe ndondocha kwangu kuliko asiwepo kabisa. Nakuelewa. Wallahi nakuelewa. Ningekuwa na uwezo wa kumficha mtu asife, ningemficha Somoe, na wangeniita mchawi nikaitika. Lakini sina. Ningekuwa naye huku ungekwisha kutuona tunashuka kwenye basi, yeye mbele, ananigombeza kwa kubeba mabegi vibaya.

Nilikwenda kwa Aino nikamwambia wimbo ule utoke. Hakukubali. Alisema ndio moyo wa santuri nzima, kazi ilikuwa imekwisha, ilikuwa inasubiri kupelekwa kiwandani, akasema, "Issa, dada yako anaishi humo." Nikamwambia, "Hilo ndilo tatizo. Mama yangu naye anaamini hivyo hivyo, na hata chakula hali." Nikamweleza yote, ndondocha, pumba, sahani, kawa. Alinitazama kama naongea kwa njozi. Tukabishana mpaka tukapandishiana sauti, jambo ambalo huku halipo kabisa, hata mbwa wao alitoka nje. Pekka alikuwa amekaa pembeni kwenye ngoma yake. Akasema neno moja, "Utoke." Akasimama akaondoka. Basi, ukatoka. Aino alilia, lakini alikuwa wa kwanza kuufuta, na mitandaoni pia tumeuondoa. Santuri imebaki na pumzi za kupanda tu, hamna jina la mtu wala neno la mtu.

Kwenye simu za vijana wa stendi sina mkono wa kufika. Chande anawazungukia mmoja mmoja anawaomba waufute. Wengine wanafuta, wengine wanamcheka. Namwonea huruma, maana na yeye anajilaumu, na si kosa lake. Msigombane naye.

Jumapili nikatafuta ile simu ya kiberiti. Nilikuwa nimeitupia kwenye droo tangu msiba, sikuwa na moyo wa kuigusa. Aino alinakili tu, sauti zenyewe zote zilikuwa bado humo. Nikaichaji, nikaiweka mezani jikoni, jua linaingia dirishani, nikasikiliza yote tangu mwanzo mpaka mwisho, bila mwangwi, bila kuvutwa, kama ilivyokuwa siku ile. Nikasikiliza tena. Nikacheka, Mama, kwa mara ya kwanza tangu yaanze haya, nikacheka na machozi yanadondoka kwenye chai.

Simu hiyo hiyo naileta kwako. Kuna muuguzi wa Ndanda, dada Agata, alikuja huku kwa mafunzo naye anarudi. Ameahidi ataifikisha Mkunya kwa mkono wake, pamoja na barua hii, hataiacha kwa mtu. Utaijua, ina ule mpira wa kufungia na ufa wa pale kwenye kioo ulipoiangushia mchi. Hakuna mtambo ulioigusa, hakuna wa kuigeuza chochote. Agata atakuonyesha pa kubonyeza. Isikilize mchana, hapo hapo uani, watu wakiwepo. Mwite Mjomba Bakari akae karibu. Mwite shangazi. Na Mwanahawa mpakate, usimfukuze aende kucheza, hii ni haki yake kuliko sisi wote.

Nisalimie shangazi, mwambie mkono wake uliomaliza ile kazi siku ya msiba sitausahau. Nisalimie Mjomba, mpe shikamoo yangu tena, na safari hii aiitikie. Nisalimie shemeji, baba yake Mwanahawa, mwambie sijamlaumu kwa kuondoka kwenda Tunduru, ila amtembelee mtoto. Chande na mkewe. Shehe wa msikitini kwetu, mwambie ajiandae, huenda ukamwita. Mwanahawa mwambie mjomba wake atakuja korosho zikianguka, atamletea kofia ya sufu ya kumchekesha darasa zima, na wali tutakula pamoja, yeye na mimi na wewe.

Sasa washa simu.

Mwanzo utasikia upepo. Kisha miguu, kisha zile pumzi zenu. Kisha utamsikia mwenyewe, kwa sauti yake kamili, kali, ya haraka haraka, na ulimi wake wote mdomoni, anamtania mwenzake aliyebaki nyuma kwamba anapanda kama bibi harusi. Wanacheka, maji yanawamwagikia, wanalaumiana. Utasikia lango la uani linavyolia, lile lililokuwa bado halijatiwa mafuta. Halafu, "Nitue! Jamani nitue, shingo inakatika!"

Wimbo wetu ulikatwa hapo. Kila aliyeusikia stendi aliishia hapo. Wewe usizime.

Kuna kandambili zinakimbia. Kuna ndoo inagusa chini na maji yanayoruka kidogo. Na kuna mtu anasema, "Haya mwanangu, nimeshakutua. Kaa sasa, pumzika."

Sauti hiyo ni yako, Mama.

Ni mimi, mwanao wa mwisho, mdogo wake Somoe,
Issa